Nilifungua Ngao za Buti, Lawama Akaibeba Mtani Wangu

Mhariri, jina langu liache kwako. Ukilitaja kuna watu Dodoma watacheka, na kuna mmoja Kondoa hatacheka, na huyo mmoja ndiye ninayemwogopa.

Nilikosa. Naanza na hilo ili nisije nikaanza kujitetea katikati. Nilikosa mimi! Si barabara, si mashine, si Mzungu. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka mingi mpaka limenichosha.

Kosa lenyewe ukilisikia utasema huyu bwana ana wazimu. Ni habari ya mpira. Mpira mdogo tu wa kuenea kwenye viganja viwili, na mtu akapoteza kazi kwa ajili yake. Tena mtu niliyempenda.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yameanza kujaa redio, vitenge na sabuni za kila rangi. Mimi nilikuwa bwana mifugo kwenye mradi mmoja wa wafadhili, wenye ofisi na gereji upande wa Ihumwa. Kazi yetu ilikuwa kupeleka chanjo ya ng'ombe kwenye vijiji vya ndani, huko ambako lori haliendi na ukienda na baiskeli unarudi umeibeba begani.

Wafadhili wakatuletea pikipiki za magurudumu manne. Mbili, ndani ya makasha ya mbao. Jamani, sisi tulikuwa hatujawahi kuona kitu cha namna ile! Usukani wa pikipiki, matairi manene kama matikiti, na inavuta kwa magurudumu yote. Watu wa vijijini wakaiita Chura, kwa jinsi ilivyochuchumaa na kuruka mashimo. Nasi tukaiita hivyo hivyo, Chura.

Aliyemtunza Chura alikuwa Fundi Salumu. Mtu wa mjini, Mwislamu wa swala tano, amenizidi miaka kama kumi. Babu wa babu yake alikuja na misafara kutoka Unyamwezi, akatua mzigo huku kwetu na hakuondoka tena. Kwa hiyo yeye Mnyamwezi, mimi Mgogo. Watani!

Wenyewe mnajua watani wanavyoishi. Alikuwa anaweza kunisema mbele ya mkwe wangu, nami nikachukua kofia yake nikaenda nayo kwangu wiki nzima. Hakuna anayenuna. Ukitaniwa unajibu kwa kubwa zaidi, ukinuna ndiyo umeshindwa.

"Mbukwa, Mgogo!" ananiambia asubuhi, akinisalimia kwa Kigogo chake kibovu. "Leo umekuja kazini, au umekuja kutudai ushuru wa maji?"

Maana babu zake walipopita na pembe zao za ndovu, babu zangu waliwadai hongo ndipo wawaruhusu kuchota kisimani.

"Hiyo chai unayokunywa ina maji yangu," namjibu. "Lipa, au uteme!"

Gereji nzima inacheka. Ndivyo tulivyokuwa tukianza kazi kila siku, na sikujua kwamba nilikuwa na bahati.

Haukupita mwezi tangu Chura aingie kazini, Fundi akaniita. Amelala chini ya mashine, miguu tu inaonekana.

"Mgogo, njoo uone ugonjwa wa ng'ombe wako."

Nikalala chini. Akanionyesha pale ambapo ekseli ya mbele inapinda kuingia kwenye gurudumu. Pamevaa mpira mweusi wenye mikunjo mikunjo kama kiwavi, umefungwa kwa klipu huku na huku. Mafundi wanauita buti. Ndani yake kuna kiungo cha chuma kinachokunja ekseli, nacho kinaogelea kwenye grisi. Kazi ya buti ni moja tu: grisi isitoke, mchanga usiingie. Kwenye mkunjo mmoja palikuwa na mwiba wa mgunga umechomeka, mrefu kama sindano ya kushonea magunia.

"Huu umebaki kidogo utokee ndani," akasema. "Ukitoboa hapa, grisi yote inarushwa nje, mchanga unaingia, kiungo kinasagika kama karanga. Na spea ziko kwao, ng'ambo. Tukiagiza leo tutazipata mwakani. Hivi hawa walioitengeneza hii walifikiri itatembea wapi? Nimeangalia picha kwenye kitabu chake, inapita kwenye theluji! Haijawahi kukutana na mgunga hata siku moja."

Akaamua kutengeneza ngao. Sikilizeni kazi ya mtu huyu, maana ndiyo iliyonipotea mikononi. Alichukua boksi la sabuni, akalikata kwa mkasi mpaka likapata umbo la kufunika buti kwa chini na kwa mbele. Akalihamishia umbo lile kwenye bati nene la pipa la mafuta. Akalikunja juu ya kipande cha reli, nyundo taratibu, anapima, anakunja tena. Ndani akabandika vipande vya tairi kuukuu ili bati lisisugue mpira. Chini akatoboa matundu ya kutolea tope. Ngao mbili kwa mashine, bolti nne kila ngao, na kila bolti nati mbili, moja ya kukaza na moja ya kuilinda ya kwanza. Siku tatu nzima kwa mashine moja!

Halafu akaniwekea sheria. Kabla ya safari, osha buti kwa maji, usiguse kwa dizeli kwa sababu dizeli inakula mpira. Pitisha kidole kwenye kila mkunjo. Ukitoka kwenye shamba lililovunwa simama, toa mabua na majani yaliyojisokota kwenye ekseli. Ukiona weusi wa grisi ndani ya rimu, hapo hapo zima, funga kwa mpira wa tyubu, urudi pole pole.

Niliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa shule anayeangalia dirishani.

Ngao zilifanya kazi. Miezi mingi hatukupata hata mchubuko. Ila zilikuwa na kelele! Vile vipande vya tairi vilipoanza kulika, bati likapata nafasi ya kucheza. Kokoto zikiingia zinagonga. Kwaru, kwaru, kwaru, kutoka Ihumwa mpaka ninakokwenda. Niliisikia mpaka kwenye meno. Watoto wa vijijini walikuwa wananikimbilia wakiimba, "Debe! Debe! Debe!"

Mimi afisa, nimevaa kombati iliyopigwa pasi, nimebeba kasha la chanjo, naitwa debe! Badala ya kumwambia Fundi abadilishe vipande vya tairi, kazi ya nusu saa, nikawa nanuna kimoyomoyo na kuzichukia ngao zenyewe.

Siku hiyo nilikuwa naelekea kijiji kimoja cha ndani, ukiiacha barabara ya Kondoa. Wafugaji wa vitongoji kadhaa walikuwa wameambiwa walete ng'ombe kesho yake alfajiri. Kasha limejaa chanjo na barafu. Kiangazi kimekolea. Nilipofika Makutupora nikawakuta vibarua wa zabibu wamepumzika kando ya shamba. Mama mmoja akanyanyuka, mkono kiunoni.

"Bwana mifugo! Debe lako bei gani? Nataka la kuchotea maji!"

Wakaangua kicheko wote. Mtu mwenye akili angecheka nao. Mimi nikapandwa na hasira, nikaongeza mwendo, nikaenda mpaka wasiponiona. Nikasimama. Nikachukua spana.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Zile bolti zilikuwa zimekazwa. Zimekazwa sawasawa! Nilitoka jasho, spana ikateleza, nikachubuka vidole, damu ikatoka. Nane zote, na nati zake kumi na sita, hakuna hata moja iliyokuwa imelegea. Nalijua hilo kwa mikono yangu hii inayoandika.

Nikatia ngao kwenye gunia, nikalifunga nyuma. Nikawasha. Kimya! Raha iliyoje! Nikajisemea nitazirudisha kabla sijafika Ihumwa, Fundi hatajua.

Na kwa vile sasa nilikuwa mwepesi na mtulivu, nikaona nikate njia. Nikaingia vichakani. Mahali fulani palikuwa na boma kuukuu, wenyewe wamehama na ng'ombe wao, uzio wa matawi ya miiba umelala chini. Badala ya kuzunguka nikapita katikati. Chura hakusita hata kidogo, na mimi nikamsifu.

Mbele kidogo nikashuka kujisaidia. Narudi, naangalia gurudumu la kushoto: ndani ya rimu kumepakwa grisi nyeusi duara zima.

Niliona! Sitasema sikuona. Nikainama, buti imechanika mikunjo mitatu, tawi la mwiba bado limening'inia. Kipande cha tyubu nilikuwa nacho, waya nilikuwa nao. Fundi aliniambia nifanye nini, neno kwa neno. Nikaangalia jua, nikasema ah, kijiji kiko karibu, nitafunga nikifika.

Mjinga mimi!

Nikavuka mchanga wa mto mkavu. Kidogo tu, nikikata kona nasikia tak, tak, tak. Nikaongeza mwendo, kana kwamba kelele inakimbiwa. Kwenye korongo la pili ikalia kru! Ekseli ikachomoka kwenye kiungo, ikawa inajipiga huku na huku, ikakata bomba la breki, ikajikaza kwenye gurudumu. Chura akakaa chini na hakuinuka.

Nilikaa pale kwenye jua mpaka mchana umegeuka, hakuna mtu. Barafu ikawa maji, maji yakawa ya moto. Wakatokea wachungaji, wakanifungia ng'ombe wanne mbele, wakamkokota Chura kama plau mpaka kijijini. Kesho yake alfajiri ng'ombe wakaja kwa mamia, na vumbi lao, na wazee nyuma yao wameshika fimbo. Nikawapigia shikamoo mmoja mmoja, nikawaambia chanjo imeharibika. Hawakunitukana. Waliwageuza ng'ombe wao wakarudi kwa njia ile ile waliyojia.

Lakini kabla ya hapo, kule korongoni, nikiwa peke yangu, nilikuwa nimefanya jambo lingine. Nilizitoa ngao kwenye gunia nikazifukia mchangani. Bolti nikazitupa mbali, moja moja. Maana nikirudi nazo gunia litasema nilizifungua mimi. Nilizifukia kwa viganja kama mbwa.

Ofisini nikasema zilianguka njiani. Zote mbili.

Sasa lazima mjue hali ya ofisi ilivyokuwa. Wafadhili walikuwa wameanza kukaza mkono, na kila mahali nchini watu walikuwa wanapunguzwa kazi. Kwetu tulishaambiwa kwamba gereji itabaki na fundi mmoja. Walikuwa wawili: Fundi Salumu, na mwenzake aliyetoka chuoni na cheti. Aliyetakiwa kuchagua ni meneja wetu, mama wa Kizungu tuliyemwita Mama Mradi. Mtu mwema, mnyoofu, hana upendeleo. Kiswahili alikisoma darasani mpaka akakijua vizuri, ila utani hafundishwi mtu darasani. Kila anachoambiwa anaandika kwenye daftari.

Nilijua yote hayo. Kila mtu alijua.

Akatukusanya gereji, Chura amelala katikati yetu na ekseli yake imening'inia.

"Nani alifunga ngao hizi mara ya mwisho?" akauliza.

Macho yote yakanigeukia, kwa sababu ndiye niliyekuwa safarini. Na mdomo wangu, mdomo huu, ukakimbilia mahali ulikozoea kukimbilia.

"Nani tena kama si huyu Mnyamwezi!" nikasema. "Babu zake walifunga mizigo kwa kamba za ukindu, bolti ataijulia wapi?"

Gereji ikalipuka kwa kicheko. Fundi Salumu ndiye aliyecheka kuliko wote, akanijibu kama desturi inavyotaka, kwa kubwa zaidi.

"Kweli kabisa, Mama! Nilizilegeza makusudi! Nilitaka huyu Mgogo aanguke, tumzike, na mimi mtani wake nigawiwe kichwa cha ng'ombe wa msiba!"

Watu wanapiga mapaja. Mama Mradi hakucheka.

"Makusudi?" akauliza.

"Makusudi!" Fundi akaitikia, machozi ya kicheko yanamtoka.

Akaandika. Nikaiona kalamu ikitembea. Akafunga daftari akasema, "Asante. Nimeelewa."

Hakuwa ameelewa chochote, na pale ndani aliyeiona hatari hiyo ni mimi peke yangu, kwa sababu mimi peke yangu sikuwa nacheka kwa ndani. Maneno mawili tu yalitosha. "Mama, tunataniana." Hata hayo ya ngao ningeyaacha yafukiwe kule kule, lakini hayo mawili! Sikuyasema. Nilisikia ahueni kwamba swali limenipita. Naona aibu kuiandika ahueni hiyo.

Siku ya pili yake nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Nikabisha, akanikaribisha, nikaingia.

"Ndiyo?" akasema.

"Mama, naomba karatasi za ripoti," nikamwambia. "Zimeniishia."

Akanipa karatasi. Nikasema asante nikatoka nazo, sina hata ripoti ya kuandika.

Barua zilipotoka, ya Fundi Salumu ilikuwemo. Kwenye mkutano wa wafanyakazi Mama Mradi alieleza, kwa sauti ya mtu anayeumia kweli, kwamba amesikitika kumwacha mtu mwenye uzoefu, lakini hawezi kubaki na fundi anayeacha bolti zimelegea halafu anaona ni jambo la kuchekesha. Watu wakatazamana. Hata hapo nilikuwa na nafasi. Nikaangalia viatu vyangu.

Jioni Fundi akanifuata nje, barua mfukoni.

"Mgogo umeniua kweli safari hii!" akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Hebu tuache utani kidogo. Zilianguka zote mbili?"

"Zote."

"Nimekagua yale matundu ya bolti kwenye mashine. Hayakuchanika. Bati likichomolewa kwa nguvu, tundu linachanika. Maana yake nati zilijifungua zenyewe." Akaigeuza mikono yake akaiangalia. "Sasa mimi siku ile nilikuwa nakaza nini?"

Ningesema pale, Mungu wangu! Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Ndiyo kazi, Fundi. Binadamu husahau."

Akaitikia kwa kichwa. Wiki ile akahama na familia yake kwenda Kondoa, kwao mke wake.

Chura hakupona. Yule mwenye cheti alikuwa kijana mzuri, ila alingoja spea, na spea hazikuja. Yule Chura wa pili naye akachanika buti kwa sababu vipande vya tairi vilikwisha na hakuna aliyejua kuvikata. Mradi wenyewe ukafungwa. Mimi nikarudi serikalini, kwenye baiskeli.

Miaka minne ikapita ndipo kazi ikanipeleka Kondoa. Nikamuulizia Fundi Salumu, nikaelekezwa sokoni. Nikamkuta amekaa nyuma ya lundo la viatu vya mitumba, anavipangusa kwa kitambaa. Mvi zimemjaa. Aliponiona akaruka!

"Haa! Mgogo! Ficheni viatu, jamani, kaja mwenyewe, atadai ushuru!"

Akanikumbatia. Akamwagiza mkewe, shemeji yangu, alete chai na maandazi. Tukakaa. Roho yangu ikatulia kidogo, nikasema moyoni, huyu hana neno, maisha yamekwenda, niache.

Akaja mama mmoja wa duka la jirani amebeba cherehani.

"Fundi Salumu, nakuomba tena. Imekwama, na wanasema wewe ulikuwa unatengeneza mpaka mashine za Wazungu."

"Mama, nilishakwambia, sigusi," akajibu.

Mama akaondoka analalamika. Nikamuuliza kwa nini, cherehani kwake si mchezo tu? Akapangusa kiatu muda mrefu.

"Mikono ilinisaliti, Mgogo. Bado naikumbuka siku niliyofunga zile ngao. Naiona spana, naiona nati ya pili inavyokaa. Ningeapa msikitini kwamba nimekaza. Na kumbe wapi! Sasa mtu akiniletea breki ya gari nimfungie, halafu nina hakika kama ile niliyokuwa nayo siku ile? Abebe watoto ndani? Hapana. Viatu haviui mtu."

Nikaweka kikombe chini.

Mimi nilidhani nimemnyang'anya kazi. Kazi angepata nyingine, fundi kama yule! Kumbe nilichomnyang'anya ni kuiamini mikono yake, na ilikuwa mikono mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona.

Nikamwambia. "Fundi, ulikaza. Nilizifungua mimi. Nikazifukia korongoni."

Akacheka! Akacheka mpaka akapaliwa. "Mama Zuhura!" akamwita mkewe. "Njoo umsikie mtani wangu, kasafiri mpaka Kondoa kuja kunitania!"

"Sitanii."

"Mgogo wewe!"

"Fundi, naapa. Bolti nane. Nilichubuka vidole jinsi ulivyozikaza. Kelele zilinikera, vibarua wa Makutupora wakanicheka, nikazifungua. Buti ikachanika kwenye boma la miiba. Niliiona grisi na sikusimama. Halafu siku ile gereji nikakusingizia kwa utani, nikijua Mama Mradi haujui utani."

Alikuwa bado ana tabasamu mdomoni, likabaki pale halina mwenyewe. Shemeji alisimama mlangoni na birika.

"Zilikuwa zimekazwa," akasema mwishowe.

"Sana."

"Na nati ya pili?"

"Zote zilikuwepo."

Akaitazama mikono yake, nikadhani atalia. Hakulia. Akakiweka kile kiatu chini, karibu na mwenzake, akavilinganisha.

"Mtani akiniibia kuku nacheka," akasema. "Akinivua kilemba hadharani nacheka. Siku ile nilicheka kwa sababu nilijua wewe ni mtani, huwezi kunidhuru. Wewe ulikuwa unatumia kicheko changu." Akakiokota kitambaa chake. "Asante kwa kuniambia. Shemeji yako atakupa chai nyingine, bwana."

Bwana! Hajawahi kuniita hivyo tangu tujuane. Nilimwomba anitukane, anipige, anidai chochote. Akasema, "Hapana, bwana, nimekusamehe. Usafiri salama."

Nasikia siku hizi ameanza tena kushika spana. Cherehani ya yule mama aliitengeneza wiki ile ile. Nilipopata habari hiyo nilikaa chini nikalia kwa furaha na kwa uchungu, sijui kipi kilizidi.

Basi mama yangu mzazi akafariki mwaka jana. Fundi Salumu alisafiri kutoka Kondoa mpaka kijijini kwetu. Watu walipomwona anaingia wakachangamka, maana msiba wetu bila Mnyamwezi wa kutukejeli, wa kukalia mlango wa jikoni na kudai kichwa cha ng'ombe, unakuwa mzito mno. Wajomba zangu walishamwandalia majibu.

Akaja moja kwa moja mpaka nilipo. Akanipa mkono, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama anavyopewa mkubwa wa serikali.

"Pole sana, bwana. Mungu amrehemu."

Akaenda kukaa mkekani na wageni wa mbali. Akakaa kimya tangu asubuhi mpaka tunarudi kutoka makaburini. Mjomba akaninong'oneza, "Mtani wako anaumwa? Mbona hatutanii?" Nilimzika mama yangu bila mtu wa kunichekesha, na sababu ninaijua.

Ndugu msomaji, kama una mashine yenye buti, ikague. Kidole kwenye kila mkunjo. Kelele ya ngao ikikukera, badilisha kipande cha tairi, usifungue ngao. Ukiona grisi kwenye rimu, simama hapo hapo, hata kama kijiji unakiona. Haya ni ya chuma, na chuma kina spea.

La mtu je? Ukimtania mtani wako mbele ya asiyejua utani, usiondoke hapo kabla hujasema kwamba mnataniana. Na ukiwa na kosa, liseme kwa sauti ya kosa. Usilifiche ndani ya kicheko cha mtu anayekuamini, maana siku atakapojua hatakukasirikia.

Atakuheshimu. Mimi naheshimiwa na Fundi Salumu kuliko mtu yeyote duniani. Ombeni msije mkaheshimiwa hivyo.